Ngogo wa madoa: usimtambue kwa madoa

Juzi asubuhi mwaloni Kibirizi, dagaa wakiwa tayari wameanikwa, mzee mmoja aliniita: "Mwalimu, njoo umwone chui wako." Nikamwamkia shikamoo, nikachuchumaa kwenye ndoo yake. Ndani walikuwamo ngogo wawili, samaki wa jamii ya kambare, wenye madoa.

Hapa Kigoma watu huniletea samaki wa namna hii wakitaka jina, na karibu wote huanza na madoa: ni makubwa, ni madogo, yamesongamana. Ndivyo jicho lilivyo. Lakini miaka ya kuainisha samaki wa Ziwa Tanganyika imenifundisha jambo moja: doa humtambulisha mmoja mmoja, halitambulishi ukoo.

Mtazame chui mwenyewe. Watafiti wanaotega kamera porini humjua kila chui kwa mpangilio wa madoa yake, na kwa kuwa ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia, hutega kamera mbili, moja kila upande wa njia. Ngogo nao, sijapata kuona wawili waliolingana. Mwaka 1952 Mwingereza Alan Turing alionyesha kwa hesabu kwamba kemikali mbili zinazochocheana na kuzuiana, zikisambaa kwa kasi tofauti, zinatosha kuzaa madoa. Mwanzo ukipishana kidogo tu, kila doa huangukia pengine.

Turudi kwenye ndoo. Nilimshika mmoja kwa uangalifu, maana mwiba wa mgongoni ukishasimama hujifunga na haulali kwa kusukumwa. Ngozi haina magamba, ni ya rangi ya dhahabu iliyofifia, tumbo jeupe. Madoa meusi ni madogo kichwani, yanakua kuelekea mkiani. Pezi la mgongoni ni jeusi, ukingo wake mweupe. Kwa maelezo hayo ungesema ni Synodontis multipunctatus, jina alilopewa na mtaalamu wa samaki Boulenger mwaka 1898, maana yake "mwenye madoa mengi".

Usiseme bado. Mwaka 2006 wataalamu walimtenga ndugu yake, Synodontis grandiops, ambaye kwa madoa anafanana naye mno. Tofauti iko kwenye jicho, ambalo kwake ni kubwa zaidi, na kwenye pezi la kifuani: nyuma ya mwiba, grandiops kwa kawaida ana vijiti laini 7, multipunctatus ana 8.

Kuwatenganisha si ubishi wa majina. Multipunctatus ndiye ambaye Mjapani Tetsu Sato alieleza mwaka 1986 kwamba hulelewa na samaki wengine. Kuna samaki wa ziwa letu ambao jike huatamia mayai mdomoni. Anapotaga, ngogo huingia kati na kuchanganya yake, na mama huyazoa yote. Ya ngogo huangua mapema, na vitoto hivyo hula mayai na vifaranga vya mwenye mdomo. Sijui tabia nyingine ya ziwani inayonishangaza kuliko hiyo, na anayetaka kuiandika lazima awe na hakika ameshika ngogo yupi.

Basi nikalitandaza pezi la kifuani la ngogo wa kwanza juu ya kiganja, mzee akaniinamia, tukahesabu pamoja kwa sauti. Vijiti vinane. Wa pili, mwenye madoa machache na makubwa zaidi, ambaye mzee aliapa ni wa aina nyingine: vinane vilevile.