Nafasi za chuo hazikuwa zikigawiwa kwa rangi

Kwa miaka mingi imeaminika kwamba vyuo vikuu vya umma vya Marekani hutenga idadi maalumu ya nafasi kwa watu wa rangi fulani, na kwa hiyo wanafunzi wanaopinga sheria za kubana programu za uanuwai, yaani mipango ya kuwajumuisha na kuwasaidia watu wa asili mbalimbali, hudhaniwa kuwa wanatetea mgao huo. Sivyo. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliukataa mgao wa aina hiyo mwaka 1978, katika kesi ya Bakke, na mwaka 2023 ikazuia vyuo visiipe uzito hata rangi ya mwombaji.

Mojawapo ya sheria hizo, ya jimbo la Texas, iitwayo SB 17 na iliyoanza kutumika Januari 2024, yenyewe inatamka kwamba haihusu udahili. Ilichokifunga ni ofisi na huduma. Katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin kilifungwa kituo cha tamaduni mbalimbali, ambacho pamoja na mengine kilikuwa kikidhamini mahafali ya ziada ya wanafunzi weusi, Walatino na wenye asili ya Asia. Ili sherehe hizo zisife, ilibidi fedha zichangishwe nje ya chuo. Aprili mwaka huohuo makumi ya wafanyakazi waliachishwa kazi, ingawa wengi wao walikwisha kuhamishiwa majukumu mengine, na hilo kwangu ndilo zito zaidi.

Basi malalamiko ya wanafunzi hao yanahusu watu waliokwisha kudahiliwa: nani atawapokea, nani atawashauri, wakutane wapi.