Hivi ushauri nasaha ni kitu gani hasa?

Juzi kwenye grupu la wazazi wenye watoto chuo, yule mwenzetu anayetuletea habari za chuo kaweka tangazo kwamba kitengo cha ushauri nasaha kimeongeza masaa kwa sababu ya mitihani, mwanafunzi anaweza kuingia hata bila miadi. Habari njema, au mi ndo niliiona hivyo. Haijapita dakika tano baba mmoja kaandika "wangu asije akanitia aibu ya kupewa ushauri nasaha, sijamlea hivyo", alafu mama mwingine akajibu kwa upole tu kwamba wa kwake alishapewa mwaka jana, wakampa mara tatu, sasa hivi katulia. Kupewa. Mara tatu. Katulia. Ungesema wanaongelea sindano za kichaa cha mbwa.

Nilitaka kujibu palepale nikajizuia, maana grupu lile ukianza kusahihisha mtu kiswahili unaonekana una kiburi. Basi niandike huku.

Ushauri nasaha ni mazungumzo ya siri kati ya mtu mwenye jambo linalomtatiza na mtu aliyesomea kazi ya kusikiliza, na lengo lake ni huyo mwenye jambo aione hali yake vizuri halafu achague mwenyewe la kufanya. Anayefanya kazi hiyo anaitwa mshauri nasaha au mnasihi, na kazi yenyewe wengine wanaiita unasihi. Basi, hiyo ndo maana yake. Kinachonikera ni jinsi tunavyolisikia hilo neno, na nadhani najua limeharibikia wapi.

Tuanze na ushauri. Hili linatokana na shauri, na shauri tumelitoa kwenye kiarabu, jamaa moja na shura, yaani mashauriano. Kule lilikotoka, kitenzi chake kimeundwa kwa namna inayobeba watu wawili ndani yake, mmoja hawezi kukifanya peke yake, ni kama sisi tunavyosema kushauriana badala ya kushauri. Na wale wazee wa kamusi za kiarabu wanaliweka kwenye mzizi mmoja na kitendo cha kurina asali, kuitoa asali kwenye mzinga. Maana yake unayeshauriana naye unatoa kilichomo ndani yake, humwagii cha kwako. Sasa angalia sisi tumelifanya nini. Shauri limekuwa kesi, shauri limefunguliwa mahakamani. Limekuwa lawama, "shauri yako", yaani ukiungua usije kunililia. Limekuwa sababu, "shauri ya mvua". Limejificha hata ndani ya halmashauri, ambako kushauriana kunatokea siku zikitokea. Limezunguka mno kiasi kwamba ukimwambia mzazi mwanao anahitaji ushauri, anachokisikia ni kwamba kuna kesi.

Nadhani ndo maana ikabidi liongezewe nasaha pembeni. Lakini ukitazama vizuri nasaha nayo si ni ushauri hivyohivyo? Ndiyo. Kwa hiyo ushauri nasaha ukilichukua neno kwa neno ni kama ushauri ushauri, majina mawili yamewekwa bega kwa bega hata kiunganishi hamna, wengine wanaona haliwezekani wanachomeka "na" katikati wanasema ushauri na nasaha, sio kosa kubwa, tusigombane kwa hilo.

Hapa kwenye nasaha ndo mi napenda kukaa. Waislamu mnaijua toba nasuha, toba ya kweli ambayo mtu harudi nyuma, na nasaha ni mzizi uleule. Maana yake ya chini kabisa ni usafi, kitu kisichochanganywa. Asali safi isiyotiwa maji waarabu wanaweza kuiita kwa neno la mzizi huohuo (ndiyo, asali tena, sijapanga mimi). Alafu mzizi huo una maana nyingine ya kushona, fundi anapoiunga nguo iliyochanika vizuri, uzi nao una jina linalotoka humo humo. Kwa hiyo anayekunasihi kwa maana ya asili ni mtu ambaye nia yake kwako haijachanganyika na kitu, na anakusaidia kushona palipochanika. Haimo fimbo humo. Halimo neno aibu. Mi wakati mwingine nahisi kuna watu wanalisikia kama lina undugu na kunasa, kwamba mtoto kanaswa, au kanaswa kibao.

Sasa tatizo ni kwamba kwenye kiswahili cha nyumbani nasaha zimekuwa ni zile anazotoa mkubwa kumpa mdogo. Mkubwa anaongea, mdogo kainamisha kichwa, mwisho anasema nimesikia. Hizo ni mawaidha, na mawaidha ni kitu kizuri, sijayasema vibaya, mi mwenyewe nayatoa sana na wanangu watakwambia nayatoa kupita kiasi. Ila siyo kazi ya mnasihi. Mwenye mawaidha anajua jibu kabla hujakaa. Mnasihi hata kama ana maoni yake anayaweka mfukoni, anauliza, anasubiri, ananyamaza, ananyamaza tena mpaka unajisikia vibaya, ndo unatoa lile ulilokuwa unalizunguka tangu unaingia. Kijana anaweza kutoka mle hajaambiwa hata kitu kimoja cha kufanya na kazi ikawa imefanyika vizuri kabisa.

Na usidhani ni sisi tu tunaochanganya. Wenzetu wa kizungu nao walianzia kwenye kuelekeza. Pale Boston mwaka 1908 Frank Parsons alifungua ofisi ya kuwasaidia vijana kuchagua kazi, na hiyo ndo watu wengi wanaihesabu kuwa mwanzo wa mambo haya, ilikuwa ni kumpima kijana anaweza nini, kumwonyesha kazi zilizopo, kuoanisha. Baadae, miaka ya 1940, akaja Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, akasema hapana, aliyekuja ndo anayejua anapoumia, tumwache yeye aongoze mazungumzo. Akakataa hata kumwita mgonjwa, akamwita mteja. Kwa hiyo mzazi anayeenda kwenye kitengo cha chuo kusema "mwambieni aache sanaa arudi uhasibu" anaomba huduma iliyo karibu na ya Parsons kwa mtu aliyefundishwa na wajukuu wa Rogers, na hataipata. Kwanza ya kozi yana mtu wake, mshauri wa masomo, ambaye huyo ndiyo atakwambia ni masomo gani yamebaki na kuhama idara kunafanyikaje. Ofisi nyingine kabisa, majina yamefanana tu.

Kuna doa lingine ambalo limeingia kwetu kwa njia yake. Wengi wa rika langu mara ya kwanza kulisikia hili neno ilikuwa kwenye matangazo ya ukimwi, ushauri nasaha na upimaji wa hiari, redioni kila siku, kwenye mabango kila kona. Kazi ile ilikuwa muhimu na imeokoa watu. Lakini neno lilikwama pale. Ukisema ushauri nasaha mzazi anasikia majibu ya damu, anasikia mtoto kapatwa na jambo ambalo familia itabidi ilifiche. Siwalaumu. Ila waliopo kwenye foleni ya kitengo cha chuo wiki ya mitihani ni watu ambao hawalali, ambao wameachwa na mpenzi na hawawezi kufungua daftari, aliyefiwa akarudi darasani siku ya nne, anayejiona mjinga kwa sababu shule alikuwa wa kwanza na huku ni wa sabini, na yule ambaye hana shida yoyote kubwa, amechoka na hana wa kuongea naye. Na wachache ndiyo, wana hali nzito, hao mnasihi akiona imezidi uwezo wake anawapeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili, maana yeye kwa kawaida haandiki dawa.

Alafu lile la siri, ambalo kwenye grupu ndo liliwasha moto zaidi, "ada nalipa mimi kwa nini nisiambiwe". Hapa naongea kama mzazi kwa wazazi, inauma, najua. Lakini jiulize, kijana akijua kila atakachosema kitafika kwako jioni, atasema nini? Atasema yuko vizuri, kama anavyokwambia wewe kwenye simu. Siri ndo kazi yenyewe. Marekani kuna sheria ya mwaka 1974 kuhusu kumbukumbu za masomo, inasema mtoto akifikisha miaka 18, au akiingia chuo hata kama hajaifikisha, haki za mzazi juu ya kumbukumbu hizo zinahamia kwa mwanafunzi mwenyewe, na hayo ni mambo ya matokeo na rekodi za shule tu, ya chumba cha mnasihi ni mazito kuliko hayo.

Siri haina maana kwamba mlango umepigwa msumari. Inavunjwa pale maisha ya mtu yakiwa hatarini, ya kwake au ya mwingine. Na chimbuko mojawapo la kanuni hiyo ni chuo hichohicho, kuna kesi ya California iliyoamuliwa mwaka 1976 ambapo mwanafunzi alimwambia mwanasaikolojia wa huduma ya afya ya chuo kikuu kuwa anataka kumuua msichana fulani, msichana hakuonywa, na kweli akauawa. Mahakama ikasema mtaalamu akiona hatari ana wajibu wa kuchukua hatua ya kumkinga anayelengwa. Mnasihi mzuri anamweleza kijana mipaka hii siku ya kwanza kabisa, kabla hajaanza kuongea.

Na kitu ambacho wazazi wengi hawakijui, siri inafunga mdomo wa mnasihi, haimzibi masikio. Unaweza kupiga simu kitengoni ukasema mwanangu ni fulani, ana wiki mbili hapokei simu, sauti yake imebadilika tangu babu yake afariki, nina wasiwasi. Watakusikiliza. Hawatakwambia kama anakuja au haji, usijaribu hata kuwabana, ila ulichowaambia wanakuwa nacho. Na kama ni wasiwasi wa usalama wake, ofisi ya mlezi wa wanafunzi inaweza kutuma mtu akamwangalie chumbani. Wa kwangu mimi nilishapiga hivyo, mwanamke aliyepokea akaniuliza "na wewe mama unalala?" nikashindwa kujibu muda mrefu kidogo.

Sasa nirudi kwenye kile kitenzi kilichonitoa usingizini. Kupewa. Dawa unapewa, adhabu unapewa, mawaidha haya sawa unapewa. Ushauri nasaha ukipewa haujawa ushauri nasaha bado, kwa sababu sehemu ya pili ya kazi iko mikononi mwa yule aliyekuja, na asipoingia kwa ridhaa yake mnasihi atakaa na kiti. Wakati mwingine chuo chenyewe ndo kinaharibu, mwanafunzi akikutwa na kosa anaandikiwa barua ya onyo na chini yake "apewe ushauri nasaha", vimewekwa mstari mmoja, alafu tunashangaa watoto wanapita mbali na ule mlango.

Kwa hiyo mama wa grupu, kama unasoma hapa, nimefurahi sana kwamba kijana wako katulia. Ila hakupewa mara tatu. Alienda mara tatu.