Kadi ya sauti ipo, draiva ndiyo haipo

Juzi nimeletewa mashine pepe (kompyuta inayoigizwa ndani ya nyingine) ya Ubuntu iliyogoma kutoa sauti. Mwenyewe alishahangaika nayo siku mbili: kapandisha sauti kwenye alsamixer, kaondoa PulseAudio, programu inayosimamia sauti, kairudisha, kajiingiza kwenye kundi la watumiaji la `audio`. Kimya kile kile. Kwenye mashine pepe mimi huanzia chini, kwenye keneli, kiini cha mfumo, maana huko juu unaweza kuzunguka hadi kuche.

`aplay -l`, inayoorodhesha kadi za sauti, ikajibu `no soundcards found`. Nikaandika `lspci -nnk`, inayoorodhesha vifaa na draiva zake, na kadi ikajitokeza: Intel ICH6, namba 8086:2668, ile inayoigizwa na QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe. Ila chini yake mstari wa `Kernel driver in use` haukuwepo. Kadi imechomekwa, hakuna wa kuipokea. Nikajaribu kupakia draiva, moduli ya keneli inayoiendesha kadi, kwa mkono, `sudo modprobe snd-hda-intel`, nikajibiwa `Module snd-hda-intel not found in directory /lib/modules/...`

Jibu hilo lisome polepole. Halisemi draiva imeharibika. Linasema faili lake halimo kwenye diski. Picha nyingi za diski (image) za Ubuntu za mashine pepe huja na keneli ya `linux-virtual`, iliyopunguzwa makusudi iwe nyepesi, kwa hiyo moduli za sauti zimewekwa kando kwenye pakeji ya ziada:

`sudo apt install linux-modules-extra-$(uname -r)`

Nikarudia modprobe, kisha `speaker-test -t wav -c 2`, na ile sauti ya "Front Left" ikasikika. Tatizo ni kwamba pakeji hiyo imefungwa kwenye toleo moja la keneli. Siku keneli ikisasishwa na mashine ikawashwa upya, kimya kinarudi, na hakuna atakayekumbuka kwa nini. Ndiyo maana huweka `linux-generic`, ambayo huvuta moduli za ziada kila toleo jipya linapoingia. Kwenye Debian keneli iliyopunguzwa, mwenzake wa `linux-virtual`, ni `linux-image-cloud-amd64`. Huko badilisha keneli yenyewe, weka `linux-image-amd64`.

Seva ya wingu ambayo haikupewa kadi kabisa, mathalani ya kurekodi mikutano ya video ya Jitsi kwa programu ya Jibri, huhitaji `snd-aloop`, kadi ya kubuni inayorudisha sauti ndani kwa ndani. Nayo kwenye Ubuntu imo kwenye pakeji ile ile ya ziada.

Sauti ikitoka lakini inakimbia au inaburuta, na kadi ni ya aina ya AC97 kwenye keneli ya zamani, basi draiva yake, `snd-intel8x0`, imepima saa vibaya ilipokuwa inaamka, kwa sababu muda ndani ya mashine pepe hurukaruka. Weka `options snd-intel8x0 ac97_clock=48000` kwenye faili ndani ya `/etc/modprobe.d`.

Mashine ya juzi sikuikabidhi papo hapo. Nilisasisha kila kitu, nikaiwasha upya, nikaandika tena `aplay -l`. Kadi ilikuwepo.