Sheria inafika wapi mtu transjenda anapofutwa kazi

Aimee Stephens alikuwa mhudumu wa mazishi, na alikuwa transjenda: alipozaliwa aliandikwa wa kiume, lakini alijitambua kuwa mwanamke. Kuanzia 2007 alifanya kazi katika kampuni ya R.G. & G.R. Harris Funeral Homes, eneo la Detroit, jimbo la Michigan: akitayarisha maiti, akipokea wafiwa, akisimamia shughuli za kuaga. Tarehe 31 Julai 2013 alimkabidhi mwenye kampuni, Thomas Rost, barua iliyoelekezwa kwa marafiki na wafanyakazi wenzake. Alieleza kwamba yeye ni mwanamke, kwamba amepambana na jambo hilo maisha yake yote, na kwamba akirudi kutoka likizo atavaa kama wafanyakazi wa kike wanavyotakiwa kuvaa. Majuma mawili baadaye, hata likizo hajaanza, Rost alimwambia kwamba haitawezekana. Alimwahidi malipo ya kuondokea kwa sharti la kunyamaza. Stephens alikataa.

Tangu alipofutwa kazi hadi hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ilipita karibu miaka saba, na kesi yake imezungukwa na maneno mengi yasiyo sahihi, kutoka kwa wanaoipenda hukumu na kwa wasioipenda. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini alitendewa vibaya. Lakini kumtetea mtu kwa habari za uongo hakumsaidii, kwa hiyo nazichukua dhana hizo moja baada ya nyingine.

"Marekani imewatungia watu transjenda haki za pekee"

Bunge la Marekani halijawahi kupitisha sheria ya ajira kwa ajili ya watu transjenda. Kinachotumika ni Sura ya Saba ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayomkataza mwajiri kubagua kwa sababu ya rangi, dini, asili ya taifa au jinsia. Jinsia yenyewe iliongezwa dakika za mwisho na mbunge Howard Smith wa Virginia, siku mbili tu kabla ya Baraza la Wawakilishi kupiga kura.

Kwa miongo kadhaa mahakama zilisema kipengele hicho hakiwahusu waliobadili jinsia. Karen Ulane alikuwa rubani aliyewahi kurusha ndege za jeshi Vietnam, kisha akaajiriwa na shirika la Eastern Airlines. Alifutwa kazi 1981 baada ya kubadili jinsia. Jaji wa mwanzo alimpa haki, lakini mahakama ya rufaa ikamnyang'anya 1984 ikisema Bunge halikukusudia sheria ifike huko.

Mabadiliko yalianzia kwenye kesi ya mtu mwingine kabisa. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kampuni ya uhasibu ya Price Waterhouse haikuwa na haki ya kumnyima mwanamke cheo kwa sababu hatembei, haongei wala havai "kike". Mwanamke huyo, Ann Hopkins, hakuwa transjenda. Ila hoja ikawa imeingia kwenye sheria: mwajiri hawezi kumwadhibu mtu kwa kutofanana na picha aliyonayo kichwani kuhusu wanaume na wanawake.

Hukumu ya Stephens ilitolewa tarehe 15 Juni 2020, pamoja na za wanaume wawili waliofutwa kazi kwa kuwa mashoga. Majaji sita walikubali, watatu walipinga. Aliyeiandika, Neil Gorsuch, ni jaji wa mrengo wa kihafidhina aliyeteuliwa na Rais Donald Trump, na hoja yake ni nyepesi kuifuata. Mwajiri ana wafanyakazi wawili, wote wanajitambulisha kama wanawake na wote wanafanya kazi vizuri. Mmoja alizaliwa akaandikwa wa kike, mwingine wa kiume. Akimfukuza huyu wa pili na kumbakiza wa kwanza, kinachowatofautisha ni jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa, na jinsia ndiyo sababu iliyokatazwa na sheria. Hakuna haki mpya iliyoongezwa hapo. Ni kinga ileile inayomlinda mwanamke yeyote na mwanamume yeyote kazini.

Stephens hakuisikia hukumu hiyo. Figo zilikuwa zimeharibika, na alifariki tarehe 12 Mei 2020, akiwa na miaka 59, mwezi mmoja na siku tatu kabla ya ushindi wake.

"Serikali ikae pembeni, soko litawaadhibu wabaguzi lenyewe"

Hii si hoja ya kijinga, na wanaoitoa si lazima wawe na chuki. Mwanauchumi Gary Becker wa Chicago aliieleza tangu miaka ya 1950: mwajiri anayemkataa mfanyakazi hodari kwa sababu ya ubaguzi anajipunguzia faida mwenyewe, na mshindani asiyebagua atamchukua mfanyakazi huyo na kumshinda sokoni.

Kuna sehemu ambayo hoja hii imethibitika. Kampuni nyingi kubwa za Marekani ziliweka kanuni za kuwalinda wafanyakazi transjenda miaka mingi kabla ya 2020, bila kulazimishwa na sheria ya taifa. Kesi ya Stephens ilipofika Mahakama ya Juu, zaidi ya kampuni 200 ziliwasilisha maoni kuwaunga mkono wafanyakazi. Zilijua kwamba watu wenye ujuzi hawapatikani kirahisi.

Sasa tazama kampuni ya mazishi ya familia. Rost hakudai kwamba Stephens ni mzembe. Moja ya hoja zilizotolewa kumtetea ni kwamba wafiwa wangekosa utulivu wakimwona amevaa nguo za kike. Ubaguzi ukitoka kwa mteja, au mwajiri akidhani tu kwamba utatoka kwa mteja, soko halimwadhibu mbaguzi. Linamlipa. Hapo ndipo hesabu ya Becker inapokwama, na yeye mwenyewe aliliona tatizo la wateja. Mahakama ya rufaa iliyosikiliza kesi ya Stephens ililijibu 2018: chuki ambayo mwajiri anadhani wateja wanayo haiwezi kuwa kisingizio cha kumfuta mtu kazi.

Katika kesi hiyohiyo kuna jambo dogo ambalo wengi hulipita. Kampuni ilikuwa ikiwapa wafanyakazi wa kiume suti kwa gharama yake, na wanawake walijinunulia za kwao. Hilo nalo lilikuwa sehemu ya madai, na halikumhusu mtu transjenda hata kidogo. Anayechunguza ubaguzi wa aina moja hukuta na mwingine hapohapo.

"Hukumu ya 2020 ilimaliza ubaguzi kazini"

Hii ndiyo dhana inayowaumiza zaidi wanaohitaji msaada, kwa sababu wanajikuta nje ya mlango waliodhani uko wazi.

Kwanza, Sura ya Saba inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi. Saluni ya watu wanane, mgahawa wa familia, duka la fundi simu: sheria hii ya taifa haiwagusi. Anayefanya kazi kwa mkataba wa kujitegemea, kama dereva wa programu za usafiri anavyohesabiwa mara nyingi, naye hayumo. Pili, taasisi za dini zina nafasi yao: Mahakama ya Juu iliamua 2012 kwamba kanisa haliwezi kushtakiwa kwa sheria za ubaguzi kuhusu nani awe mhudumu wake wa kiroho. Tatu, Gorsuch aliandika waziwazi kwamba hukumu yake haiamui habari za vyoo na vyumba vya kubadilishia nguo, na magomvi mengi ya kila siku kazini yako hukohuko.

Halafu kuna fedha. Tangu 1991 fidia ya maumivu na ya kumwadhibu mwajiri ina ukomo: dola 50,000 kwa kampuni yenye wafanyakazi hadi 100, na dola 300,000 kwa zile zenye zaidi ya 500. Malimbikizo ya mshahara huhesabiwa kando, lakini viwango hivyo havijapandishwa tangu mwaka huo, wakati kodi ya nyumba na bei ya mkate vimepanda vibaya mno. Familia ya Stephens iliishia kupata dola 130,000 katika mapatano ya mwishoni mwa 2020, na mawakili wakalipwa 120,000. Kwa miaka saba ya kungoja, na mlalamikaji ameshazikwa.

Jambo zito kuliko yote ni kwamba sheria inakamata sababu, na sababu hufichika. Isipokuwa Montana, majimbo ya Marekani yanamruhusu mwajiri kumfuta mtu kazi bila kutoa sababu yoyote, mradi isiwe ile iliyokatazwa. Rost alisema wazi kwa nini alimfukuza Stephens, na uwazi huo ndio uliojenga kesi. Mwajiri mjanja atasema kazi zimepungua. Na ambaye hajaajiriwa kabisa atajuaje? Alipeleka barua ya maombi, akaitwa kwenye usaili, wakaona jina kwenye cheti halifanani na sura iliyo mbele yao, wakamwambia tutakupigia. Hakuna barua, hakuna shahidi. Ndiyo maana mashtaka mengi ya ubaguzi wa ajira Marekani huhusu waliofukuzwa, na machache huhusu walionyimwa kazi.

Katika uchunguzi mkubwa wa watu transjenda wa Marekani wa 2022, uliojibiwa na watu zaidi ya 92,000, asilimia 18 walisema hawana kazi. Waliojibu walijitolea wenyewe, kwa hiyo takwimu hiyo isichukuliwe kama sensa. Hata hivyo ilikuwa miaka miwili baada ya hukumu, na ni mara kadhaa ya kiwango cha taifa.

India imetoa funzo la namna nyingine. Mwaka 2017 shirika la reli ya Kochi, jimboni Kerala, liliwaajiri watu transjenda zaidi ya ishirini kwa mpigo, likasifiwa dunia nzima. Baada ya muda mfupi baadhi yao waliacha kazi. Wenye nyumba jijini walikataa kuwapangisha, na mshahara haukutosha kulipia vyumba vya wageni. Serikali iliweza kuwapa kazi. Mahali pa kulala ilishindwa kuwapa.

"Serikali ikibadilika, haki nayo imekwisha"

Si hivyo, ingawa hofu ina msingi. Kesi ya Stephens ilifunguliwa 2014 na Tume ya Fursa Sawa za Ajira, chombo cha serikali. Uongozi ulipobadilika 2017, Stephens aliomba aingizwe kwenye kesi yeye mwenyewe, akihofu serikali itamtupa. Hofu yake ilikuwa sahihi: mbele ya Mahakama ya Juu, wanasheria wa serikali walisimama upande wa mwajiri. Asingeomba mapema, angebaki bila mtu.

Februari 2025 tume hiyohiyo iliomba mahakama ziziondoe kesi ilizokuwa imezifungua yenyewe kwa niaba ya wafanyakazi transjenda. Lakini hukumu ya 2020 ilibaki palepale, kwa kuwa amri ya rais haiwezi kuifuta tafsiri ya Mahakama ya Juu. Kilichopotea ni wakili wa bure wa serikali, na kwa mfanyakazi wa kima cha chini hiyo ni hasara kubwa.

Majimbo nayo yanatofautiana. Minnesota, wanakoishi Waafrika Mashariki wengi, ililinda watu transjenda tangu 1993, na sheria yake inamgusa hata mwenye mfanyakazi mmoja. Michigan ya Stephens iliandika ulinzi huo waziwazi 2023. Iowa iliuondoa, kuanzia Julai 2025. Anayeishi Marekani na yamemkuta asikae akitafakari: muda wa kupeleka malalamiko kwenye tume ni siku 180 tangu tukio, au 300 pale jimbo lenyewe lina chombo chake cha kupokea malalamiko ya aina hiyo. Ukipita, kesi nzuri hufa bila kusikilizwa.

"Hayo ni mambo ya huko; kwetu hayapo"

Audrey Mbugua, Mkenya, alifanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, akiwa na jina la kiume na kupata alama za juu. Baadaye alibadili jina kisheria, lakini cheti kilibaki na jina la zamani na alama ya jinsia ya kiume. Kwa mwajiri, cheti kile kilikuwa cha mtu mwingine. Baraza la Mitihani la Kenya lilikataa kukirekebisha, naye akaenda mahakamani 2013.

Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu ya Nairobi aliagiza baraza libadili jina na litoe cheti kisicho na alama ya jinsia. Alihoji, kwa haki kabisa, alama hiyo inafanya kazi gani pale, kwa kuwa mtihani hausahihishwi kwa kuangalia kama mtahiniwa ni wa kike au wa kiume.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inataja jinsia kati ya sababu zilizokatazwa, haiwataji waliobadili jinsia. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa sababu yoyote ile, kisha ndipo kinataja mifano. Wala watu hawa wasichanganywe na huntha, waliozaliwa na maumbile ya jinsia yasiyo dhahiri, ambao sensa ya 2019 iliwahesabu kuwa 1,524.

Katika kesi ya Mbugua hakuna mwajiri aliyeshurutishwa kumwajiri mtu, wala senti ya mfanyabiashara yeyote iliyoguswa. Wanaosema serikali isiingilie biashara za watu wangeweza kuisoma hukumu ile bila kupata cha kupinga: aliyemzuia mtu huyu kupata kazi alikuwa taasisi ya serikali yenyewe, kwa karatasi iliyokataa kuisahihisha.