Je, wajua kwa nini chawa hafi kwa kuoshwa?

Mwishoni mwa Septemba mdogo wangu anayeishi Uingereza alinitumia ujumbe wa sauti. Shule imewaandikia wazazi: darasani kuna chawa wa kichwani, kila mtu akague kichwa cha mwanawe. Kakagua, kawakuta. Mimi, kwa kiburi cha kuzaliwa kwanza, nikamjibu palepale: "Mwoshe mtoto kichwa vizuri, mdogo wangu. Chawa ni uchafu." Akanyamaza siku mbili. Ya tatu akajibu: "Dada, namwosha kila siku. Sasa tuna chawa wasafi."

Nikaona aibu, nikaenda kusoma. (Chawa wa mjini, wale wanaowaganda mastaa na waheshimiwa, hawahusiki hapa, ingawa kuganda ni kulekule.)

Kosa langu lina asili yake. Binadamu ana chawa wa aina tatu: wa kichwani, wa mwilini na wa sehemu za siri. Wale wawili wa kwanza ni ndugu wa damu, na hata chini ya darubini kuwatofautisha ni kazi. Wanachotofautiana ni makazi. Chawa wa mwilini, licha ya jina lake, anaishi kwenye mishono ya nguo. Hutaga humo, na mwilini huja kula tu. Nguo isiyofuliwa wala kubadilishwa kwake ni nyumba ya kudumu. Huyu ndiye anayebeba taifasi, ugonjwa wa homa kali, ambayo siyo taifodi ya maji machafu. Mwaka 1909 daktari Charles Nicolle aligundua kuwa chawa ndiye mchukuzi. Kule Tunis alikuwa ameona kwamba wagonjwa wa taifasi waliwaambukiza watu mpaka kwenye mlango wa hospitali, lakini wakishavuliwa nguo na kuogeshwa, wodini hawakumwambukiza mtu. Jambo hilo lilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1928. Na si hadithi ya zamani tu: mwaka 1997 taifasi iliwapata makumi ya maelfu ya watu nchini Burundi, wengi wao wakiwa kwenye kambi za waliokimbia vita, wasio na nguo za kubadilisha.

Kwa hiyo wazee waliounganisha chawa na uchafu hawakuota. Walikuwa wakimsema ndugu mwingine.

Wa kichwani hajali sabuni. Anakunywa damu mara kadhaa kwa siku, na damu ya kichwa kisafi ni ileile ya kichwa kichafu. Hana mbawa, wala hana miguu ya kurukia kama kiroboto. Anatambaa tu, na ili ahame anahitaji unywele uguse unywele: watoto walioinamia simu moja, au waliolala kitanda kimoja. Kuazimana kitana au ushungi kunaweza kumhamisha, ila ni kwa nadra zaidi. Akianguka nje ya kichwa hufa ndani ya siku moja au mbili, hivyo hakuna haja ya kupulizia godoro dawa. Foronya na taulo zilizotumika siku mbili kabla ya kuanza matibabu, zifuliwe kwa maji ya moto. Inatosha.

Na nywele za kipilipili? Marekani imeonekana kwamba watu wenye asili ya Afrika huwapata kidogo kuliko wengine, na maelezo yanayotolewa ni kwamba kucha za chawa wa huko zimezoea unywele wa mviringo, si ule uliobonyea. Huenda ni kweli. Lakini hoja hiyo imesimama zaidi juu ya vichwa vya Marekani, na Afrika chawa wapo tangu na tangu. Lugha iliyotunga "kidole kimoja hakivunji chawa" haikutunga kwa kusimuliwa. Jaribu kumvunja kwa ukucha mmoja uone.

Sasa maji. Chawa hana pua. Anapumua kwa vitundu vilivyojipanga ubavuni mwake, na vitundu hivyo vinafungika. Mfikirie mwenye kibanda cha duka mvua kubwa inaposhuka: anateremsha mlango, anakaa ndani na mali yake, mvua ikikatika anafungua na biashara inaendelea. Ndivyo chawa anavyofanya ukimwagia maji na povu. Hulegea, utasema kafa, lakini anaweza kukaa majini kwa saa kadhaa kisha akaamka. Kuosha kichwa kwa dakika tano kwake ni manyunyu.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba vitundu hivyohivyo ndio mfereji wake wa kutolea maji. Damu sehemu kubwa ni maji. Mtu anayekunywa uji mwepesi kutwa kucha lazima atafute msalani, lakini chawa hakojoi, na kinyesi chake ni kikavu kama unga. Maji ya ziada hutoka kama mvuke kupitia ubavuni. Wapishi wa biriani wanajua kinachotokea sufuria ikizibwa mfuniko kwa unga uliokandwa: mvuke hauna pa kwenda. Kuna dawa ya chawa inayoitwa dimetikoni, mafuta mepesi ya silikoni, ambayo hujipenyeza mahali maji yanapozuiwa. Mwaka 2009 mtafiti wa Uingereza, Ian Burgess, alieleza kwamba chawa aliyepakwa mafuta hayo anashindwa kutoa maji, shinikizo linapanda ndani, na wengine utumbo hupasuka. Yaani kinachomuua si kukosa pumzi. Ni kuvimbiwa.

Usiruke kutoka hapo kwenda kwenye mafuta ya nazi. Yanatajwa sana, mayonezi pia, lakini ushahidi wake ni hafifu. Mafuta ya taa ndiyo kabisa usiyaguse: yanababua ngozi, na mtoto mwenye mafuta ya taa kichwani hapaswi kuwa nyumba moja na jiko la mkaa.

Dawa nyingine maarufu ina ukoo na kwetu. Ua la pareto linalolimwa nyanda za juu za Kenya na Tanzania lina sumu ya wadudu, na pemethrini ni mwigo wake wa kiwandani, ileile iliyotiwa kwenye baadhi ya vyandarua. Katika nchi nyingi chawa wameizoea kama mbu walivyoizoea. Ukipaka kwa maelekezo na bado wanatembea, usizidishe kipimo. Rudi duka la dawa uombe ya aina nyingine.

Au tumia kitana cha meno yaliyobanana, kama alivyofanya mdogo wangu. Lowesha nywele, paka kilainishi kingi, gawa mafungu (za kipilipili yawe madogo sana), chana kutoka ngozini hadi nchani, futa kitana kwenye kitambaa cheupe. Utamwona: ukubwa wa punje ya ufuta, ana miguu sita. Mayai yamegandishwa kwenye unywele kwa gundi. Mba hupeperuka ukipuliza, yai halibanduki. Nayo hupasuka baada ya kama siku 7 hadi 10, ndiyo maana kuchana mara moja ni kazi bure. Uingereza wanashauri siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13, ili kila anayetotolewa anaswe kabla hajafikia kutaga, kisha siku ya 17 unakagua.

Siku ya 9 mdogo wangu, ambaye ni mhasibu, alichukua rula. Alikuwa amesoma kwamba chawa hutaga karibu na ngozi, na ganda tupu hubaki limeganda huku unywele ukikua kama sentimita 1 kwa mwezi. Ganda la mbali zaidi lilikuwa sentimita 2 na kidogo. Ukirudi nyuma unafika mwishoni mwa Julai, walipokuwa kwangu Tanga kwa likizo, watoto wanne kitanda kimoja. Na anayepata chawa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kujikuna, kwa sababu muwasho ni mwili kuyakataa mate ya chawa, na mwili huchelewa kuyajua.

Nikajitetea kwamba kwenye joto chawa hutaga hata mbali kidogo na ngozi, kwa hiyo rula yake si ushahidi wa mahakamani. Akasema sawa, dada, lakini chukua kitana.

Jioni ile nilimfumua misuko kitinda mimba wangu. Wa kwanza alitoka kisogoni, nyuma ya sikio la kushoto, kwenye kichwa ninachokiosha kwa mikono yangu mwenyewe.