Chozi Hakujirefushia Mdomo

Kila ninapoalikwa kuwafundisha watoto habari za ndege wa porini, hukuta wamekwisha kuambiwa kwamba chozi ana mdomo mrefu kwa kuwa aliitamani nekta, yale maji matamu yaliyo ndani ya ua, akajivuta kidogo kidogo hadi akaifikia. Si kweli. Makinda wa kizazi kimoja hutofautiana kidogo tangu kuzaliwa, na chakula kinapoadimika, wale ambao midomo yao inakiweza kilichobaki ndio huishi na kurithisha umbo hilo. Mwaka 1977, ukame ulipokikumba kisiwa cha Daphne Major katika visiwa vya Galápagos, mbegu ndogo na laini ziliisha, zikabaki ngumu kama za mbigili. Wanabiolojia Peter na Rosemary Grant, waliokuwa wakiwapima ndege wa hapo mmoja mmoja, waliona wengi wakifa, hasa wenye midomo membamba, na kizazi kilichofuata kikawa na midomo minene zaidi kwa wastani. Hakuna ndege hata mmoja aliyeunenepesha wa kwake.

Kinachonikera zaidi ni mchezo wa darasani wa vibano na koleo, ambamo kifaa ndicho mdomo wa ndege na mbegu ndizo chakula chake, ambao ungeweza kuing'oa dhana hii, lakini huchezwa kinyume: mtoto huachiwa achague kifaa kinachoifaa mbegu aliyowekewa. Mpe kifaa kimoja, umkataze kukibadilisha, kisha ondoa punje ndogo uweke mbegu zenye maganda magumu. Mwenye kibano ataibana, itamponyoka na kubingirika chini ya dawati, naye ataanza kumbembeleza jirani yake amwazime koleo. Usikubali. Ahesabiwe amekufa, na watoto wa duru ya pili wapewe vifaa vya walionusurika.

Mengine hayahitaji maneno mengi. Ndege wengi wala mbegu huwalisha makinda wao wadudu, kwa kuwa kinda hahitaji kushiba tu bali protini ya kukulia. Ndiyo maana mkate haumfai. Vijiwe vilivyomo katika firigisi havikumezwa kwa bahati mbaya, kwani ndivyo vinavyosaga chakula cha mnyama asiye na meno. Na mama hamtupi kinda eti kwa sababu ameguswa na mkono wa mtu: aliyeanguka bado hana manyoya arudishwe kiotani, ila mwenye manyoya anayerukaruka chini aachwe hapo hapo, maana kwa kawaida wazazi wake wako karibu na chakula mdomoni, wakimngoja huyo mwenye huruma aondoke.