Homa siyo jina la ugonjwa: maswali kuhusu malaria, dengi na ndugu zao

Mwili unachemka, kichwa kinagonga, viungo vinauma. Si malaria hiyo?

Huenda. Lakini dengi, chikungunya, taifodi na homa ya mgunda nazo huanza hivyo hivyo, na siku mbili tatu za mwanzo hata daktari mzoefu hawezi kuzitenganisha kwa kumtazama mgonjwa tu. Anayekuambia "hii naijua, ni malaria" kabla ya kuchukua damu anabahatisha.

Basi dalili hazisaidii kitu?

Zinasaidia kuelekeza. Maumivu nyuma ya macho, yanayozidi ukiyazungusha, pamoja na vipele, humfanya daktari afikirie dengi. Chikungunya hushambulia viungo hasa: vidole huvimba hadi mtu anashindwa kufunga vifungo vya shati, na maumivu yanaweza kubaki miezi kadhaa baada ya homa kuisha. Jina lenyewe ni la Kimakonde, lenye maana ya kupinda au kujikunja, na ugonjwa ulitambuliwa kwenye mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika. Taifodi haina pupa; joto hupanda kidogo kidogo kwa siku kadhaa, tumbo linauma, choo kinafunga au kinaharisha. Homa ya mgunda, inayotokana na bakteria wa kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, mara nyingi huleta macho mekundu na maumivu makali ya misuli nyuma ya miguu.

Nimepima malaria, umetokea mstari mmoja tu. Kipimo kibovu?

Angalia uko wapi. Ukiwa kwenye herufi C, kipimo kimefanya kazi na hakijaona malaria. Mstari wa C usipotokea kabisa, kipimo hicho hakifai, rudia kingine. Homa ikiendelea, omba kupimwa tena baada ya saa 12 hadi 24, kwa sababu vimelea vikiwa vichache hujificha. Kinyume chake pia hutokea: aliyetibiwa malaria wiki chache zilizopita anaweza kuonyesha mistari miwili ilhali vimelea vimeshakufa. Mwambie mpimaji kama ulimeza dawa karibuni.

Na ile ya "una malaria na taifodi pamoja"?

Inawezekana, ila mara nyingi chanzo chake ni kipimo cha Widali, kipimo cha damu cha taifodi. Hicho hutafuta kingamwili (chembe za kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu), si bakteria wenyewe, na kingamwili hizo zinaweza kuwa za ugonjwa wa zamani, za chanjo, au hata za maambukizi mengine. Kuotesha damu maabara, ili bakteria wenyewe wakue na kuonekana, ndiko kunakoaminika zaidi, ingawa majibu huchukua siku kadhaa.

Nimeze nini wakati nasubiri majibu?

Paracetamol, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, na maji ya kutosha. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziache hadi dengi iondolewe kwenye hesabu, kwani zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Usimeze mabaki ya dawa mseto ya jirani. Majibu nayo yasicheleweshwe: malaria ya falsiparamu, aina iliyo hatari zaidi, isipotibiwa inaweza kuwa kali ndani ya saa 24.

Homa imeshuka siku ya nne. Nimepona?

Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Kwenye dengi, hatari kubwa huja homa inaposhuka, kati ya siku ya 3 na ya 7, maji ya damu yanapoanza kuvuja nje ya mishipa. Ndiyo maana siku ya kwanza ya homa iandikwe, hata ukutani. Tumbo likiuma sana, ukatapika mfululizo, fizi au pua zikatoa damu, ukahisi kulegea au kukosa utulivu, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama kipimajoto kinasoma 37. Degedege, kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida au mkojo mweusi navyo havisubiri asubuhi, iwe homa ni ya aina gani.